Majani ya Karatasi Yaliyonitoa Shule

Mwaka 1972, nikiwa na miaka minane, shida zangu zilianza, na zilianza na harufu ya gundi ya unga wa ngano. Labda wewe unayesoma ulitegemea nitaje njaa, au msiba. Hapana. Njaa tuliijua na misiba tuliijua, hayo yalikuwa ya kila nyumba. Shida iliyokuwa yangu mwenyewe, niliyokabidhiwa mimi peke yangu, ilianza na uji mzito wa ngano uliopikwa kwenye kopo la rangi, ukapoa, ukaanza kuchachuka kidogo, halafu ukapakwa kwenye karatasi kwa kidole.

Harufu hiyo nilikuwa sijakutana nayo miaka mingi. Gundi za siku hizi zinakuja kwenye vichupa na hazinuki chochote. Lakini Oktoba hii iliyopita niliingia jikoni kwangu hapa Karatu mjini, nikamkuta mjukuu wangu Neema, mtoto wa chekechea, amekaa sakafuni na sufuria yangu ndogo ya maziwa katikati ya miguu. Dada wa kazi alikuwa amempikia gundi kwa sababu kichupa kimekwisha. Mbele yake palikuwa na karatasi nyekundu, za njano, za kahawia. Alikuwa anakunja. Anakunja mbele, anageuza, anakunja nyuma, kama marinda ya sketi, ulimi umetoka nje kwa kukazana.

"Bibi, natengeneza majani ya otam," akaniambia.

"Ya nini?"

"Otam! Majani yanakuwa mekundu halafu yanaanguka chini. Tich amesema yanapendeza. Kesho tunayabandika ukutani."

Nilisimama pale mlangoni na mfuko wa nyanya mkononi. Mtoto akadhani nimekasirikia sufuria.

Kesho yake nikaenda shuleni kwao. Mwalimu ni binti mdogo, mwenye heshima, anaitwa Glory. Akanipa shikamoo kwa mikono miwili, akaniletea kiti kile cha watoto, nikakataa kukikalia.

"Mwanangu, kwenu wapi?" nikamuuliza.

"Mbulu, Bibi."

"Huko Mbulu umeona wapi msitu mzima unageuka mwekundu?"

Akacheka. "Sijaona, Bibi. Hiyo ni mada ya misimu. Iko kwenye kitabu."

"Na masika iko kwenye kitabu?"

"Iko mbele mbele huko. Tutafika."

Tutafika! Mimi nimeambiwa tutafika tangu Neema hajazaliwa, tangu mama yake hajazaliwa. Nikamwambia awafundishe watoto Oktoba ya hapa. Akanitazama kwa upole, akasema, "Bibi, Oktoba ya hapa ni vumbi. Watakunja nini?" Swali hilo lilinikera kuliko kitabu chenyewe. Nikarudi nyumbani. Sasa naandika, kwa sababu nikiendelea kukaa nalo moyoni nitagombana na watu wasio na hatia.

Mimi ni mtu wa Buger, kijiji cha milimani huku huku Karatu. Tulikaa kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo iliyochimbiwa kwenye mteremko, na ng'ombe wakilala humo humo ndani pamoja nasi, joto lao likitutosha badala ya blanketi. Mkuu wa nyumba alikuwa baba yangu, mzee Bura, mtu wa maneno machache sana. Lakini mkuu wa mkuu alikuwa mama yake, bibi yangu, ambaye kwa Kiiraqw tulimwita Ama. Ama alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ikitoka ilivuka bonde. Mama yangu mzazi, ambaye kwa lugha hiyo hiyo tulimwita Ayo, alifanya kazi kimya kati ya hao wawili.

Kaka yangu alipewa ng'ombe. Mimi nilipewa shule. Usidhani ilikuwa upendeleo. Baba alichoka kusimama mbele ya mizani ya wanunuzi wa ngano akiambiwa sindano imesema nini, akataka mtu mmoja wa nyumba yake wa kuisoma. Kaka hakufaa, maana alilala hata akiwa amesimama. Basi mimi. Ama akakubali kwa sharti kwamba maji yachotwe kwanza na unga usagwe kwanza, ndipo niende. Niliamka kabla ya majogoo, nikachota, nikasaga, nikaenda mbio huku unga bado uko kwenye nyusi.

Sijui nikwambieje nilivyoipenda shule ile. Chumba kimoja cha udongo, madawati ya magogo, mwalimu mmoja anaitwa Petro aliyekohoa chaki. Kufika mwezi wa kumi nilikuwa naandika jina langu na kusoma silabi ubaoni kabla ya wavulana. Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka duniani: kufika siku ile nitakayosimama mbele ya mizani, Baba akiwa nyuma yangu, niseme kwa sauti kilichoandikwa.

Mwaka huo palikuja mzungu wa kuchimba visima. Alileta mtambo mrefu uliopiga kelele bondeni mchana kutwa, na alikuja na mke. Mke aliitwa Mama Inge. Alikuwa na nywele za rangi ya manyoya ya mahindi na Kiswahili safi kuliko chetu, Kiswahili cha kusoma, kila neno limenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Kukaa nyumbani peke yake kulimchosha. Akaomba kwa Mwalimu Petro awe anakuja Ijumaa kutufundisha kazi za mikono sisi wa darasa la kwanza. Mwalimu akakubali haraka, apate kwenda kuvuta sigara.

Karatasi hazikuwepo. Mama Inge akachukua mifuko ya saruji ya mume wake, akaichambua na kutoa zile karatasi za katikati ambazo hazijagusana na saruji, akazikung'uta mpaka tukapiga chafya darasa zima. Nyingine akazichemsha na majani ya chai, zikawa kahawia. Nyingine akazipaka udongo mwekundu wa pale pale Buger uliolowekwa, zikatoka na rangi ya kutu. Nyingine sijui alizifanyaje zikawa za njano. Akazianika kwenye kamba nje ya darasa, na upepo wa Oktoba ukazikausha kabla hata hatujamaliza wimbo wa asubuhi.

Kisha akatufundisha. Unakata karatasi umbo la nusu jani. Unaikunja marinda, mbele na nyuma, membamba, yalingane. Unakunja katikati, unapaka gundi mahali kingo zinapokutana, unaachia. Jani linafunguka lenyewe mkononi na mishipa yake yote. Wenzangu walitoa vitu kama masikio ya punda. Mimi langu lilifunguka likawa jani. Mikono yangu ilikuwa imezoea kusuka ungo na Ama, haikuona ugumu wowote. Mama Inge akalinyanyua juu, akawaonyesha wote. Nadhani tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa amenyanyua kitu changu juu.

"Kwetu, wakati kama huu," akatuambia, "miti yote inakuwa myekundu, halafu majani yote yanaanguka. Watoto wanayakusanya na kucheza ndani yake."

Tukatazamana. Tluway, mvulana mwenye mdomo kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Mama, miti yote?"

"Yote."

"Nani alikosa?"

"Alikosa nini?"

"Huko kwenu. Nani alikosa mpaka miti yote ikauke?"

Mama Inge akacheka mpaka akafuta macho. "Hakuna aliyekosa. Ni kawaida. Ni nzuri sana."

Hakuna aliyecheka naye. Tulimwonea huruma kabisa, mtu mzima anayetoka nchi iliyoharibika hivyo na hajui ni kwa nini. Leo nikikumbuka yale machozi aliyoyafuta, nadhani hayakuwa ya kicheko peke yake. Alikuwa na hamu ya kwao. Lakini mtoto wa miaka minane angejuaje kwamba mzungu naye anakumbuka nyumbani?

Ijumaa iliyofuata tulimaliza. Mama Inge akayatunga majani yangu kwenye uzi mrefu, akanivisha shingoni, akasema, "Haya ni yako. Pamba nyumba yenu."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mwezi huo ndio mwezi wa kutazama juu. Mbegu zilishafukiwa kwenye vumbi kungojea vuli, na vuli ilikuwa haijaja. Ng'ombe walikuwa wamebaki mbavu. Wazee walikuwa wamepanga siku ya kuombea nchi, na siku yenyewe ndiyo ile Ijumaa. Upande wetu siku hiyo ilikuwa na masharti yake. Wazee wanapanda kilimani na pombe ya asali, wanabariki, wanashuka, na kila mmoja ameshika majani mabichi mkononi, yaliyotafutwa mpaka kwenye chemchemi kwa shida. Hakuna kulima. Hakuna kuchoma kitu. Na hakuna kuingiza kitu kikavu nyumbani. Hata kuni zinaletwa jana yake.

Habari ya kuni niliijua. Ningepita na kuni siku hiyo ningejiona mwendawazimu. Lakini karatasi hakuna mtu aliyewahi kunitajia. Karatasi ilikuwa kitu cha shule, na shule ilikuwa kitu kizuri.

Basi nikaja na njia yangu, upepo ukiyachezea majani shingoni, yakifanya chakara chakara. Nyumbani hapakuwa na mtu mbele. Nikapanda kwenye kinu, nikayafunga juu ya mlango, kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, nikashuka, nikarudi nyuma kuyatazama. Mekundu, ya njano, ya kahawia, yanatikisika. Nilipiga makofi peke yangu kwa furaha.

Ama akatokea nyuma ya nyumba na kibuyu. Akatazama mlango. Akatazama njia. Mimi nikatazama alikotazama, nikawaona wazee wanashuka, wamefuatana, majani mabichi mikononi, na mbele yao mzee Gwandu, aliyekuwa mkubwa wa wote, na nyuma kabisa Baba yangu. Walikuwa karibu. Hapakuwa na muda wa kushusha kitu.

Ama akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Hakuukimbilia mlango. Aliwakimbilia wao.

"Nyumba yangu imekosa!" akapiga kelele. "Mtoto wangu amekosa! Njooni muone, mimi mwenyewe nawaambia, njooni muone!"

Mtu anayekupenda anaweza kulinyamazia kosa lako. Ama aliniita mkosaji mbele ya nchi nzima. Nilisimama na gundi kwenye vidole, nisielewe.

Wazee wakafika, wakasimama mbali kidogo na mlango, kama mtu anavyosimama mbali na nyoka. Mzee Gwandu akaniita na kidole.

"Nani ameyaning'iniza?"

"Mimi, Ako," nikajibu, kama tunavyomwita mzee wa umri wa babu. "Ni karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya majani."

"Majani gani?"

"Ya kwao Mama Inge. Yanakauka, halafu yanaanguka yote."

"Yanaanguka yote," mzee Gwandu akarudia polepole, kama mtu anayeonja pombe iliyoharibika. Akawageukia wenzake. "Mume yuko bondeni anatoboa nchi kutafuta maji. Mke yuko juu anagawa ukame kwa watoto. Hawa watu wanasemezana kweli usiku?"

Mzee mmoja wa umri mdogo akacheka, akajuta, akafanya kama anakohoa. Mimi nilimtazama Baba. Alikuwa ameshika majani yake mabichi mbele ya kifua kwa mikono miwili, macho chini. Nilimngojea aseme kwamba mimi ndiye wa kumsomea mizani. Hakusema.

Ama alikuwa na kondoo jike mweusi, wake mwenyewe, si wa Baba. Akasema, "Kondoo wangu yupo pale. Mchukueni leo hii."

"Kondoo tutampokea," akasema mzee Gwandu. "Lakini kitu hiki kimetoka mahali. Kesho kitatoka tena."

"Hakitatoka," akasema Ama. "Mtoto harudi kule."

Basi. Ni hivyo tu. Hakuna aliyeniuliza. Majani yangu yakashushwa kwa fimbo, yakazikwa mahali penye unyevu karibu na chemchemi. Kondoo akachinjwa. Jumamosi nilichota maji, nikasaga unga, na nilipomaliza hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

Jumatatu akaja Mama Inge mwenyewe na Mwalimu Petro. Mama huyu alikuwa na nia njema, na nia njema yake ndiyo iliyonimaliza. Alijua kwamba watu wameogopa majani, akaamua kuwaonyesha kwamba hayana kitu. Kwa hiyo akayabeba. Yote ya darasa zima, mkono mzima umejaa, kama mtu anayetoka kuvuna. Majirani walipomwona anapanda mteremko na mzigo ule, watoto wakaingizwa ndani.

"Tazameni," akasema na Kiswahili chake kilichonyooka, "ni karatasi tu. Ni karatasi ya saruji!" Na ili kuthibitisha, akachukua jani moja, akalichana.

Upepo wa Buger mwezi huo haungoji kuambiwa. Ulichukua vipande, halafu ukachukua na mazima, mkono wake wote ukabaki mtupu. Majani mekundu na ya kahawia yakaruka juu ya uzio, yakashuka kwenye mashamba ya watu, juu ya mbegu za watu, yakatawanyika kama mtu ameyapanda. Unajua kilichofuata? Kijiji kizima kikatoka kukimbiza karatasi. Wazee waliokuwa hawajakimbia tangu wavae vazi la uzee walikimbia, wakiinama, wakiokota, wakipishana kwenye matuta, na mzee Gwandu akipiga kelele, "Lile pale! Lile pale, linaingia shambani kwa Sulle!" Mama Inge naye anakimbia katikati yao akisema samahani, samahani, samahani. Ayo alijifunika uso na kanga. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Mimi sikucheka. Kila jani lililookotwa niliona shule inakwenda mbali zaidi.

Ilipotulia, Mwalimu Petro akamvuta Baba pembeni ya zizi. Nilikuwa ndani ya zizi nyuma ya ndama, nikasikia yote.

"Mzee Bura, kondoo mmeshachinja," akasema Mwalimu. "Isiponyesha sasa utajua kwamba haikuwa karatasi. Isiponyesha, mtoto atarudi?"

Baba akasema, "Isiponyesha mpaka mwezi huu uishe, atarudi."

Rafiki yangu, fikiria uzito wa jambo hilo ndani ya kifua cha mtoto. Kila mtu katika Buger alikuwa anataka mvua. Ng'ombe walitaka mvua. Yule ndama niliyejificha nyuma yake, ambaye nilimpenda, mama yake alikuwa hana maziwa kwa sababu ya kukosa mvua. Na mimi, kimya, bila kumwambia mtu, nilikuwa nataka isinyeshe. Nilitoka alfajiri kutazama mawingu kama wazee wanavyotoka, nikiwa na ombi la kinyume. Likija wingu kutoka upande wa ziwa Manyara, nilijisikia mgonjwa. Likipita, nilipumua, halafu namwona ndama, nashindwa kula. Ama aliona nakonda, akaniwekea kipande kikubwa zaidi cha ugali.

Nilijaribu hata kujifundisha. Nikachora herufi kwenye majivu, nikafika pale tulipoishia na Mwalimu, nikakwama. Iliyofuata sikuijua. Mtu hawezi kujifundisha herufi ambayo hajawahi kuiona.

Mvua ikaja mwezi ukikaribia kuisha. Ilikuja mchana, bila upepo, kwanza ile harufu ya vumbi linaloloa, halafu matone mazito yanayotoboa mchanga, halafu yote. Watu walitoka nje na vichwa wazi. Wanawake walipiga vigelegele kutoka mteremko mmoja mpaka mwingine. Ng'ombe walisimama wamefumba macho. Kaka yangu, yule wa kulala, alikimbia kuzunguka nyumba bila shati. Mzee Gwandu alipita njiani akiwa amelowa, anacheka kama kijana, akamwambia Baba, "Umeona, Bura? Umeona?" Na Baba akasema, "Nimeona."

Mimi nilikaa chini ya mlango, pale pale, nikalia mpaka nikakosa pumzi. Katika nchi yote hiyo nadhani ni mimi peke yangu niliyelia. Ama akaja, akaniinua uso wangu na mkono wake uliolowa.

"Tazameni," akawaambia wengine kwa furaha, "hata huyu mdogo analia kwa shukrani."

Nilitaka kumng'ata.

Shule ikaishia hapo. Watoto walinipa jina, wakaniita Kiangazi. "Kiangazi, mbuzi wako wanakula mahindi ya watu!" "Kiangazi, usije huku, tumepanda!" Mama Inge na mume wake waliondoka mwaka uliofuata. Kisima chao kilitoa maji ya chumvi, na wazee wakasema hawakushangaa. Mimi nilichunga mbuzi, nikabeba vitunguu vya watu kule Mang'ola, nikaolewa, nikaachika, nikalima vitunguu vyangu. Kusoma nilikuja kujifunza mtu mzima, kwenye kisomo cha ngumbaru, mtoto mgongoni na mwingine mguuni. Na aliyetufundisha unajua ni nani? Ni Tluway, yule mwenye mdomo, kamaliza la saba. Akanipa kalamu, akaniambia, "Haya Kiangazi, andika a." Nilimwandikia jina langu lote kwa hasira, nikamrudishia kalamu yake.

Ama nilimnunia miaka mingi. Nilimhudumia, nilimpelekea sukari na ugoro, lakini moyo wangu haukuingia navyo ndani. Alipokufa nilimlilia nusu nusu. Kwangu alikuwa ni yule aliyekimbilia wazee kunishtaki, ilhali angeweza kunificha nyuma ya gauni lake.

Ni Ayo aliyeniambia, naye alikuwa amezeeka, tumekaa tunapukuchua maharage. Nilikuwa nalalamika kama kawaida yangu, ndipo akasema bila hata kuinua macho, "Wewe humjui dada yake Ama."

Kumbe Ama alikuwa na dada. Mwaka mmoja wa ukame wa zamani, lilipatikana kosa kwenye nyumba ya dada huyo. Sio wao waliolisema. Wazee walilikuta wenyewe. Kosa likikutwa, sio likisemwa, lilikuwa jambo lingine kabisa. Nyumba ile ilifungiwa. Hakuna wa kuwapa moto, hakuna wa kuchota nao maji, hakuna wa kuja kulima nao wala kuzika nao. Walikaa hivyo mpaka wakahama na kitoto kichanga, na hakuna aliyesikia habari zao tena. Ama alikuwa msichana. Alisimama juu ya paa la tembe, akawatazama wanaondoka, na alikatazwa kuwaaga.

"Siku ile ya makaratasi yako," akasema Ayo, "mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Niliona wazee wanashuka. Ama akasema, 'Wasikute. Niwaambie mimi.' Akatupa kibuyu, akakimbia."

Nikaacha maharage. Kumbe Ama alikuwa ananinunua, nyumba yetu isifungiwe. Alipiga kelele ili liwe kosa lililosemwa. Akatoa kondoo wake wa pekee, na kondoo hakutosha, akatafuta haraka haraka kitu kingine cha kuongeza juu, kitu kisichoumiza nyumba. Si ng'ombe, si shamba. Akaona shule. Ama hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Kwake ilikuwa ni mahali ambapo mtoto anakaa bila kufanya kazi. Aliitoa kama unavyotoa kitu ambacho hakuna atakayekiulizia nyumbani.

Na wale wazee, nao niliwaelewa siku mbegu zangu mwenyewe zilipolala kwenye vumbi na mbingu imefunga. Nilitoka alfajiri kutazama juu, nikajikuta sitaki kuona chochote kikavu, hata ufagio.

Nimeelewa. Lakini usidhani kuelewa kumenipoza. Nimebaki na hasira isiyo na mtu wa kumpelekea. Mama Inge alikuwa na hamu ya kwao. Ama alikuwa ananiokoa. Baba alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mvua ilikuwa inafanya kazi yake. Mwalimu Glory ana kitabu na mtoto anapenda rangi. Nimewapitia wote mmoja mmoja kutafuta wa kumlaumu, na bado shule yangu imekwenda.

Majani ya Neema yalibandikwa ukutani. Yake yalikuwa bora kuliko ya wenzake, mwalimu mwenyewe amekiri. Mikono ni ya kwetu.

Leo nina nyumba ya matofali Karatu mjini, yenye umeme na tangi la maji. Nina vyumba vya kupangisha nyuma yake. Nina shamba la vitunguu Mang'ola na pampu mbili za kumwagilia. Nina shamba la mahindi Buger, lile lile la Baba, nimenunua haki za ndugu zangu. Nina mashine ya kusaga. Nina pikapu inayopeleka mboga kwenye hoteli za njia ya kwenda Ngorongoro, na dereva wake. Nina ng'ombe wa maziwa wanne, na kondoo, kondoo wote weusi. Nina watoto watano waliomaliza shule, na mjukuu anayesoma. Deni sina. Darasa la kwanza sikumaliza.